Nyumba Nyuma ya Stesheni

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, watu wazima watatu wenye akili zao timamu walikutana nyumbani kwa mmoja wao kuangalia treni inayoenea ndani ya sanduku la viatu. Wa kwanza alikuwa Daktari wa Meno, ambaye reli yake ilizunguka sebule nzima, ikapita chini ya kochi na kutokea jikoni, na ambaye mkewe alishakata tamaa ya kufagia. Wa pili alikuwa Mwalimu, mama mmoja mstaafu wa somo la sayansi na bingwa wa miti. Alikatakata sponji za kuoshea vyombo, akazichovya rangi, na kufumba na kufumbua msitu umesimama. Wa tatu ndiye huyu tunayemsema, na wenzake walimwita Vipimo.

Jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa amechora ramani za viwanja miaka thelathini, na tangu astaafu hakuweza kuona kitu bila kutaka kukipima. Katika reli yake kila kitu kilikuwa kidogo mara themanini na saba kuliko kilivyo duniani, na ole wako umletee kilicho kidogo mara themanini na tano. Aliwahi kuchomoa rula mfukoni mbele ya stesheni mpya ya Mwalimu, akapima mlango, akasema, "Mwalimu, abiria wako wataingia kwa kuinama." Mwalimu alinuna wiki nzima. Tena ni huyo huyo Vipimo aliyeitunga sheria ya mikutano yao, akaichapa na kuibandika nyuma ya mlango: mwenye zamu aonyeshe kilichopo, asieleze kitakachokuwepo. Ishikeni sheria hiyo, maana aliyeitunga ndiye atakayeumbuka nayo.

Reli yake ilikuwa katika chumba cha watoto, ambao walishaoa na kuolewa wakaenda zao. Meza ya mita nne iliegemea ukuta, milima ya plasta huku, daraja kule, na katikati stesheni. Hiyo haikuwa ya kubuni. Ilikuwa ile stesheni ambayo shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, aliifanyia kazi miaka thelathini na minne, akiongoza ishara na kupokea treni, kabla haijabomolewa na mahali pake kujengwa maghala. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya mfanyakazi, vyumba viwili na ngazi tatu mlangoni. Humo ndimo shemeji alimomlea mdogo wake baada ya wazazi wao kufariki. Mtoto huyo wa kike, aliyekua akisikia treni zikitingisha vikombe kabatini, ndiye leo mke wa Vipimo.

Macho ya shemeji yalipoanza kuzima, na madaktari walipomwambia kwamba hayatarudi, alipiga simu akasema, "Shemeji, wewe si unajenga reli? Nijengee stesheni yangu na nyumba yangu. Sitaviona, lakini nitavipapasa." Vipimo aliahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, hilo tusimnyime.

Basi kila Jumapili saa kumi jioni simu ililia, Vipimo akaiweka juu ya mlima wa plasta kwa sauti kubwa ili aendelee na gundi yake, na shemeji akauliza, "Umefika wapi?" Kila alichojibiwa alikirudia. Vipimo akisema jukwaa limekauka, upande wa pili husikika, "Jukwaa limekauka. Narudia, jukwaa limekauka," kisha sauti ndogo ya tuk, tuk, tuk. Alikuwa akitoboa karatasi kwa msumari butu, maana chuo cha wasioona kilikuwa kimemfundisha kuandika kwa nukta. Kurudia maneno hakukuwa kwa ajili ya uzee. Katika kazi yake, stesheni ya jirani ikipiga simu kwamba njia ni wazi, anayepokea hurudia neno kwa neno, anaandika na saa yake, ndipo treni yenye watu mia nne inaachiwa. Hakuna aliyekwenda kuchungulia kama ni kweli. Neno likishapokelewa, limepokelewa.

Sasa tuje kwenye ubaya wenyewe. Wiki tatu nzima Vipimo alishughulikia saa ya stesheni, ambayo uso wake ulikuwa mdogo kuliko kifungo cha shati. Aliichorea namba zote kumi na mbili kwa unywele mmoja wa brashi, akapiga picha, akaituma kwenye kundi lao la simu. Daktari alijibu kwa vidole gumba sita. Mwalimu, ambaye kusifu kwake ni kwa shida, aliandika, "Hapa nimenyamaza." Vipimo aliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima. Nyuma ya stesheni, wakati huo, palikuwa na mbao tupu zenye alama nne za penseli. Upande ule ulitazamana na ukuta. Kamera haikufika, na mgeni akikaa kwenye kiti hauoni. Wajenzi wa reli za mezani wengi ndivyo walivyo, upande usioonekana huachwa hivyo hivyo, na wala hakuna anayemlaumu mwenzake.

Jumapili ile shemeji akauliza, "Na nyumba?"

"Nyumba imesimama, shemeji," akasema Vipimo. Alimaanisha kwamba ingesimama katika wiki hiyo.

"Nyumba imesimama. Narudia, nyumba imesimama." Tuk, tuk, tuk. Halafu sauti ya mzee ikabadilika, ikawa ya mtu aliyekaribishwa mahali. "Na mlango umeupaka rangi gani?"

"Kijani."

"Ndiyo, ulikuwa kijani! Na ngazi?"

"Tatu. Ya katikati imemeguka upande, kama ulivyosema."

Uongo wa kwanza ulimtoka bila kuuita. Wa pili na wa tatu aliuita mwenyewe. Wiki zilizofuata, nyumba iliendelea kujengwa kwa mdomo. Ilipata paa, ikapata dirisha ambalo mdogo mtu alikuwa akisimama kupungia treni, ikapata benchi na pipa la maji. Kila kitu shemeji alikirudia na kukitoboa kwenye karatasi. Na kila Jumatatu Vipimo aliamka na nia ya kuijenga kweli, kisha akaona taa za jukwaa zinahitaji kurekebishwa, au kundi linasubiri picha ya daraja. Nyumba ingeweza kungoja, nani angeiona?

Alhamisi moja mkewe alikuja mlangoni na simu mkononi, uso umechanua. "Kaka anapita hapa Jumamosi! Binti yake anamchukua akaishi naye huko ng'ambo, ndege yao ni usiku huo huo. Amesema hapandi ndege kabla ya kuipapasa nyumba yake. Na unajua sasa anasoma vizuri? Mwalimu wao kule chuoni anawapa maboksi ya dawa wajifunzie, yana zile nukta. Anasoma boksi zima kwa kidole!"

"Vizuri sana," akasema Vipimo. Kilichomwingia masikioni ni Jumamosi tu. Hayo mengine yalimpita.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya kwanza ya mwezi, tena zamu yake. Ijumaa alikuwa nayo yote, kuanzia chai ya asubuhi hadi giza kuingia. Kwa mkono wake, kuta nne za kadibodi ngumu na ngazi tatu zingemchukua saa sita. Lakini injini ilikuwa inaruka njia kila ikifika kwenye kona ya daraja, na Daktari angekuja, na Daktari angecheka. Akaishughulikia kona. Alipoinua kichwa ilikuwa saa kumi na moja jioni, na nyuma ya stesheni alama nne za penseli zilikuwa bado zinamkodolea.

Hapo akili ikamletea jambo ambalo hadi leo akilikumbuka hufumba macho hata kama yuko peke yake. Mtu asiyeona, alijiambia, ataona nini? Atagusa kuta, atagusa paa, basi. Akaenda kabatini, akatoa chupa ya dawa ya kikohozi ya mkewe, akachukua boksi lake. Akalikata kwa kimo, akalibandika paa la kipande kilichobaki cha stesheni, akalipaka rangi ya maziwa mara mbili hadi maandishi yakapotea, akachora mlango wa kijani. Alipokuwa akipaka aliona ukuta mmoja una vijipele. Akafurahi navyo, akaona vinafanana na plasta ya zamani.

"Hujaliona boksi la dawa yangu?" mkewe aliuliza asubuhi. "Maelezo ya vipimo yamo humo."

"Sijaliona," akajibu Vipimo.

Saa tisa wenzake walikuwa wameshakaa, Daktari kwenye kiti cha mbele na Mwalimu na miwani yake miwili, mmoja puani na mmoja kichwani. Shemeji aliingia ameshikwa mkono na mdogo wake, fimbo nyeupe kwapani, amevaa koti la kazi ya zamani lililopigwa pasi. Wote wakasimama, hata Daktari ambaye kusimama kwake ni kazi. Vipimo akamwongoza mkono hadi ukingo wa jukwaa.

Vidole vya mzee vikatembea polepole juu ya jukwaa, vikahesabu nguzo, vikapanda kwenye saa. "Saa yangu," akasema. "Ilikuwa inachelewa dakika nne. Niliandika barua saba waje kuitengeneza."

"Hata hiyo inachelewa," akasema Vipimo. "Haitembei kabisa." Watu wakacheka, na shemeji akacheka kuliko wote, na kwa dakika moja Vipimo akaamini kwamba siku ingeisha salama.

"Sasa nipeleke nyumbani," shemeji akasema.

"Nyuma kuna waya, shemeji, zisije zikakupiga..."

"Waya gani?" Daktari akadakia, mtu wa kusaidia hata asipoombwa. "Si ulizipitisha zote chini ya meza? Shika huko, tuivute." Ukweli ni kwamba meza ilikuwa na magurudumu, na Vipimo mwenyewe alikuwa amejisifia magurudumu hayo kwenye kundi. Ikavutwa. Shemeji akapewa nafasi kati ya meza na ukuta.

Mkono ulifika kwenye paa, ukateremka ukutani, ukashuka zaidi kutafuta ngazi. Palikuwa na mbao tupu. Kidole kikapapasa kushoto, kikapapasa kulia, kikarudi. Kikapanda tena ukutani kutafuta dirisha, na hapo kikafika kwenye vijipele. Kikasimama. Kisha kikaanza kwenda kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kikirudi na kwenda tena, na midomo ya mzee ikawa inacheza bila sauti.

Ndipo Vipimo alipoyasikia, siku mbili baada ya kuambiwa, yale maneno ya mkewe. Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi kwenye ncha za masikio, akatazama sakafu, akatamani ipasuke immeze yeye na rula yake mfukoni. Daktari na Mwalimu, kwa upande wa mbele, walikuwa wakitabasamu kwa heshima, hawajui lolote.

Mlango ukafunguka, mkewe akaingia na sinia la chai. "Kaka! Umefika nyumbani?"

Kidole kilikuwa bado juu ya jina la dawa.

"Nimefika," akasema shemeji.

"Na dirisha langu lipo?"

Mzee alikifunika kipande kile cha ukuta kwa kiganja. "Lipo," akasema. "Lipo pale pale." Mdogo wake akaweka sinia chini haraka, akageukia ukuta, akajifuta macho kwa kiganja.

Miaka thelathini na minne mtu yule hakuwahi kusema njia ni wazi wakati imefungwa. Vipimo alilijua hilo, alilisimulia hata kwa wageni. Na leo, ndani ya chumba chake, amemfanya aseme. Angetukanwa angepumua. Angeumbuliwa mbele ya watu angejua pa kuanzia. Hili la kusitiriwa lilimkaa kifuani na halikutaka kushuka wala kupanda. Aliona haya kukishika kikombe cha chai ambacho mkewe alimpa.

Wakati wa kuondoka, teksi ikiwa nje na mkewe akihangaika na mabegi, shemeji aliuinamisha uso wake kumwelekea Vipimo na kusema kwa sauti ya chini, "Shemeji, unaumwa kifua?"

"Hapana, shemeji."

"Basi vizuri. Ile dawa ni kali, isinywewe na njaa."

Akampa mkono, akaupapasa kidogo kabla ya kuuachia, akaingia kwenye gari.

Vipimo alikuwa wa kwanza kurudi ndani, akaisukuma meza ukutani kabla mtu hajaomba kutazama. Gundi mbichi, alisema. Lakini huwezi kumzuia mtu asione nyumba aliyokulia. Jumatatu asubuhi Vipimo alikuta chupa ya dawa kabatini ikiwa imesimama ndani ya boksi lake, boksi la rangi ya maziwa lenye mlango wa kijani, kichwa cha chupa kimetokea paani.

"Kumbe lilikuwepo," mkewe akasema, akaendelea kuchambua mchele. Hakusema zaidi, siku hiyo wala iliyofuata. Aliacha tu kuingia chumba cha reli.

Jumapili saa kumi shemeji alipiga simu kama kawaida. Aliuliza afya, aliuliza mvua. Hakuuliza umefika wapi. Vipimo, ambaye wiki ile alijenga usiku na mchana kama anafukuzwa, akasema mwenyewe, "Shemeji, nyumba naijenga upya. Kuta zote nne zimesimama." Na hilo lilikuwa kweli.

"Haya," akasema shemeji.

Vipimo akangoja. Hakurudia, na hapakuwa na tuk. Jumapili ya pili alisema ngazi tayari, akajibiwa haya. Ya tatu alisema dirisha, akajibiwa, "Msalimie mdogo wangu," na simu ikakatwa kwa adabu. Kuta, ngazi, dirisha, vyote vilikuwepo, vimepimwa kwa nusu milimita, na vyote havikupokelewa.

Jumamosi ya kwanza ikafika, zamu ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa amebomoa mlango wake wa kuinama na kujenga mwingine, na kabla hajaanza kuonyesha alimgeukia Vipimo: "Lakini baada ya ile nyumba yako, sisi wengine tutasema nini? Mzee wa watu aliigusa akakosa la kusema." Vipimo alifungua kinywa ili aseme asante. Badala yake akawaambia. Aliwaambia boksi, rangi, nukta, na miezi ya simu. Alipomaliza, treni ya Mwalimu ilikuwa imezunguka msitu mara tano bila kutazamwa na mtu. Daktari alikohoa, akajuta kukohoa. Mwalimu akavua miwani ya puani, akaivaa ile ya kichwani.

"Sisi umetuambia," akasema. "Na yeye?"

"Yeye anajua."

"Kujua anajua. Nimekuuliza kama umemwambia."

Kesho yake, kabla ya saa kumi, Vipimo aliingia chumbani, akaivuta meza, akatazama nyumba yake mpya. Kuta tatu alikuwa amezijenga mbio mbio ili apate cha kuripoti, na mtu mwenye vidole angejua. Akazibandua. Akabakisha ule mmoja aliousugua kwa subira, wenye dirisha. Simu ilipolia hakuiweka mlimani. Aliishika kwa mikono miwili. Mlangoni alisikia kandambili za mkewe zikisimama.

"Shemeji," akasema kabla ya salamu, "kuna taarifa nilikupa siyo. Nilikwambia nyumba imesimama. Haikuwepo. Wala mlango, wala ngazi, wala dirisha la dada yako. Miezi yote ile nyumba haikuwepo, na siku uliyokuja nilikuwekea boksi la dawa nikijua huoni."

Upande wa pili ilisikika karatasi ikiwekwa mezani.

"Nyumba haikuwepo," shemeji akasema. "Narudia, nyumba haikuwepo." Tuk, tuk, tuk. Iliendelea muda mrefu, maana ilikuwa mistari mingi. "Saa?"

Vipimo akatazama, kwa mazoea, saa ya stesheni. Kisha akatazama ya ukutani. "Saa kumi na dakika mbili."

"Saa kumi na dakika mbili. Nimepokea." Pumzi ya mzee ikasikika ikitoka. "Haya. Sasa umefika wapi?"

Uso wa Vipimo ulikuwa unawaka, na hakuthubutu kugeuka mlangoni. "Ukuta mmoja," akasema.

"Ukuta mmoja," akarudia shemeji. Tuk, tuk.